Samaki Malaika na Majirani Zake

Safu hii ya viumbe na mimea ya ndani imekwisha kuzungumzia mrehani wa dirishani na paka wa kuokota. Leo ni zamu ya samaki, na safari hii kuna uamuzi unaotusubiri.

Katika mkutano wa mwisho wa muhula tutapiga kura kuhusu tangi la samaki lililomo katika chumba cha klabu. Mnalijua: lile la lita 200 tuliloachiwa na wenzetu waliohitimu, lenye samaki malaika wanne. Mapendekezo matatu yamemfikia katibu. La kwanza, tuongeze mbuna sita wa Ziwa Nyasa ili tangi lifanane na kwetu. La pili, tuongeze tetra wa neoni ishirini kwa sababu wanang'aa. La tatu, tuwaongeze wote kwa mpigo, kabla ya sherehe ya kufunga muhula, wageni waje wakute tangi limejaa.

Mimi nina kura moja kama kila mwanachama, ila nina na safu, na leo naitumia kuwaombeni mkatae yote matatu. Nitaeleza sababu, na humo humo nitapitia mambo ambayo kila anayemfuga samaki malaika pamoja na samaki wengine inampasa ayajue, maana nasikia wanachama watatu wana matangi yao majumbani.

Ni samaki gani huyu?

Kwa Kiswahili maji yasiyo na chumvi huitwa pia maji baridi. Msidanganyike na jina hilo. Samaki malaika ni wa maji baridi, lakini baridi haimpendi wala yeye haipendi. Anahitaji joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, usiku na mchana. Katika chumba chetu, ambamo radieta huzimwa kila Ijumaa jioni, uhai wake umeshikwa na kile kipasha joto kidogo kilichozama nyuma ya mimea. Tafadhali msichomoe plagi yake ili mchaji simu.

Kwao ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Jina lake la kisayansi ni Pterophyllum scalare, na neno la kwanza limetoka katika Kigiriki, maana yake jani lenye mabawa. Porini huishi katika maji yaendayo polepole, katikati ya mizizi na mashina ya mimea. Ndiyo sababu mwili wake ni mwembamba kama sahani iliyosimamishwa, na milia yake myeusi inashuka kutoka juu kwenda chini. Akitulia kati ya mashina, humwoni. Mkimpa tangi tupu lenye changarawe na ngome ya plastiki peke yake, mmemnyang'anya maficho, na samaki asiye na maficho huishi kwa hofu na huugua upesi.

Umalaika wake uko katika umbo tu. Huyu ni wa familia ya Cichlidae, familia moja na sato wa Mwanza na perege wa mabwawani. Kama ndugu zake hao, huchagua mwenzi, hujitwalia eneo, hulinda mayai na humfukuza jirani. Akikomaa, mwili hufikia sentimita 15 kwa urefu, na kutoka ncha ya pezi la juu hadi ncha ya pezi la chini anaweza kupita sentimita 20. Kwa hiyo tangi lake lapaswa kuwa na kimo cha sentimita 45 au zaidi. Letu lina 50. Malaika wanne waliokomaa wanalienea vizuri, na hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya kushika.

Maji kwanza

Samaki hula, hunya na hupumua katika maji yale yale. Kinyesi, mabaki ya chakula na hata matamvua yake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi hasa katika sponji ya chujio. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haimdhuru sana samaki ikiwa kidogo. Nitrati hiyo huitoa sisi wenyewe kwa kubadilisha maji.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka mpaka waweze kazi. Anayenunua tangi Jumamosi na samaki Jumapili huwapoteza samaki wiki ya pili, kisha humlaumu muuzaji.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tangi kongwe nalo linaweza kurudi utotoni kwa siku moja. Bakteria wa kwenye chujio letu wanatosha kwa uchafu wa samaki wanne, kwa sababu huo ndio uchafu waliouzoea. Tukiwaongezea samaki ishirini na sita kwa mpigo, amonia itapanda kabla bakteria hawajaongezeka, na watakaoumia kwanza ni hao wanne tulio nao. Kwa sababu hii pekee, pendekezo la tatu halifai, hata kama samaki wote wangekuwa wanapatana.

Kuna na suala la maji ya hapa London. Mnayaona kwenye birika za umeme: ule ukoko mweupe ni chokaa. Maji haya ni magumu, na kipimo chake cha pH huwa juu ya 7. Amonia ile ile, kwa kiasi kile kile, huwa kali zaidi pH na joto vinapopanda. Basi katika tangi letu lenye maji ya London na joto la nyuzi 26, hatuna nafasi ya kubahatisha. Amonia na nitriti zote mbili zisome sifuri. Nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita, na ikikaa chini ya 20 ni bora.

Huenda mtauliza: samaki wa Amazon, ambako maji ni laini na yana tindikali kidogo, anaishije katika maji haya ya chokaa? Malaika wanaouzwa madukani siku hizi karibu wote wamezaliwa katika matangi, vizazi na vizazi, na wengi wao wanayavumilia. Wasichokivumilia ni kugeuzwageuzwa. Msinunue chupa za kushusha pH, maana chokaa iliyomo majini huirudisha pale pale, na kila mpando na mshuko humchosha samaki. Wenzetu walioko Manchester na Glasgow wana maji laini, na kwa hilo wamebahatika kuliko sisi.

Kazi ya kila wiki

Kwa tangi kama letu, kazi yenyewe haizidi dakika arubaini.

1. Pima amonia, nitriti na nitrati kwa vitone, na uandike matokeo katika daftari lililo chini ya tangi. Namba moja haisemi mengi. Namba za miezi mitatu zinasema.

2. Nyonya kwa mpira robo ya maji, ukipitisha mdomo wa mpira juu ya changarawe ili uondoe uchafu uliotuama. Kwetu ni kama ndoo tano za lita kumi.

3. Tia dawa ya kuondoa klorini katika maji mapya kabla ya kuyamimina. Usitegemee ile desturi ya kuyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha. Klorini huweza kutoka hivyo, lakini baadhi ya kampuni za maji hutumia kloramini, nayo haitoki kwa kungojewa. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na la tangi.

4. Sponji ya chujio ikiziba, ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini. Ukiiosha chini ya bomba, klorini itawaua bakteria wale wale unaowategemea. Mtu msafi mwenye nia njema ameua samaki wengi zaidi kuliko mvivu.

Chakula kiwe kidogo, mara mbili kwa siku, kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Malaika hupenda nyama. Vipande vikavu vya dukani vinafaa kwa kila siku, na mara mbili kwa wiki wape vijidudu vya majini vilivyogandishwa, mkiviyeyusha kwanza. Malaika ni ombaomba hodari. Atakufuata kioo kizima akikuangalia usoni. Asiwashinde.

Majirani wa kupatana nao

Jirani wa samaki malaika huchaguliwa kwa mambo manne: maji, joto, mdomo na tabia.

Mdomo ndio unaoliangusha pendekezo la pili. Tetra wa neoni ni samaki wa kupendeza, mwenye urefu wa sentimita tatu hivi na mwili mwembamba kama njiti. Malaika mchanga atamtazama tu. Malaika aliyekomaa atammeza, na kwa kawaida humeza usiku, hivyo mnalala na samaki ishirini mnaamka na kumi na saba bila kuona vita wala maiti. Hana ubaya, porini hula wadudu na samaki wadogo. Anayetaka kundi linalong'aa achague tetra wakubwa kidogo na wanene kidogo, kama wale wenye pua nyekundu, na awaingize wakiwa wamekwisha kukua.

Tabia inawaondoa barbi wenye milia. Hao hukimbia tangi zima kutwa na hupenda kudonoa mapezi marefu, na malaika ana mapezi marefu kuliko akili ya kuyatunza. Pezi lililodonolewa huingia bakteria, likaanza kuoza kingoni, na hapo ndipo safari ya dawa inapoanza. Joto linawaondoa samaki wa dhahabu, ambao ni wa maji ya ubaridi.

Wanaopatana naye vizuri ni kambare wadogo wa aina ya Corydoras. Wao hukaa chini, malaika hukaa katikati na juu, na hakuna anayemwonea mwenzake. Wapendao kuishi kwa kundi hawa wanunuliwe sita, kwa mafungu mawili ya watatu watatu, wiki mbili au tatu zikipita kati ya fungu na fungu, ili bakteria wapate muda wa kuongezeka.

Lakini jirani mgumu kuliko wote wa malaika ni malaika mwenzake. Wawili wakioana, huchagua jani pana au bomba la chujio, hutaga mayai juu yake, na kuanzia hapo nusu ya tangi ni mali yao. Wetu wanne ni wachanga bado. Siku mtakapowaona wawili wamebanwa kwenye kona ya juu, mapezi yamefungwa, hawashuki kula, jueni harusi imefanyika na wawili hao watafutiwe makao mengine.

Na samaki wa kwetu?

Pendekezo la mbuna limetolewa kwa moyo, nami siwezi kulipita haraka. Kuna mwanachama aliyezaliwa karibu na Ziwa Nyasa (au Ziwa Malawi, msinianzishie ugomvi wa mpaka) aliyesema mkutanoni kwamba ni ajabu klabu ya Kiswahili kuwa na samaki wa Brazili huku maziwa yetu yakiwa na mamia ya aina za samaki wa familia hiyo hiyo, wanaotafutwa na wafugaji wa dunia nzima. Kasema kweli.

Ila undugu wa familia hautoshi kuwaweka chumba kimoja. Maji ya Ziwa Nyasa ni ya upande wa pili wa pH. Mbuna hula hasa ukoga wa mwani anaoukwangua kwenye miamba, na chakula kingi cha nyama kama cha malaika huweza kumletea maradhi ya tumbo. Zaidi ya hayo, mbuna hulinda mwamba wake kwa meno, ni mwepesi, na hachoki. Malaika ni mzito wa kugeuka na hana pa kukimbilia. Tukiwachanganya, tutakuwa tumewaleta samaki wa nyumbani ili waje wawapige wenyeji.

Badala yake naleta pendekezo la nne. Maji magumu ya bomba la London, ambayo malaika anayavumilia tu, yanawafaa samaki wa Ziwa Tanganyika. Kuna samaki mdogo wa ziwa hilo aitwaye Neolamprologus multifasciatus, asiyezidi sana sentimita nne, ambaye huishi ndani ya makombe matupu ya konokono kwenye sakafu ya ziwa. Huchimba mchanga, hupanga kombe lake, hulea watoto humo humo, na humfokea hata mkono wako ukiingia. Tangi la lita 60, mchanga na makombe kumi na tano vinatosha ukoo mzima. Tukubaliane mwakani kutafuta tangi hilo la pili, lianze taratibu, wiki sita bila samaki, kisha waingie. Hapo kila mmoja atakuwa na maji yake.

Maradhi na karantini

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo wanaijua wachuuzi wa samaki, na mfugaji naye aikariri. Samaki mgeni akae peke yake katika tangi dogo lenye kipasha joto na chujio kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Ugonjwa mnaoweza kuutambua wenyewe ni wa madoa meupe, kama chembe za chumvi zilizonyunyizwa mwilini. Huletwa na kimelea ambacho kikishanenepa mwilini hudondoka, hujigawa mara nyingi kwenye changarawe, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki. Dawa humwua akiwa anaogelea tu. Kwa hiyo madoa yakitoweka msiache dawa. Fuateni siku zote zilizoandikwa kwenye chupa, mtoe mkaa wa kwenye chujio maana huinyonya dawa, na muongeze mrusho wa maji juu ili oksijeni isipungue.

Malaika akikonda huku anakula, au kinyesi chake kikiwa cheupe kama uzi, huenda ana vimelea vya tumboni. Hapo kisieni kidogo, ulizeni sana. Antibayotiki hapa Uingereza haziuzwi bila agizo la daktari wa mifugo, na kununua poda zisizojulikana mtandaoni ni kuongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Na kabla ya dawa yoyote, pimeni maji. Samaki anayehema juu ya maji, aliyefunga mapezi, aliyejibanza pembeni, mara nyingi anayalalamikia maji.

Likizo

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko yote. Malaika mkubwa mwenye afya huweza kukaa siku kadhaa bila chakula. Likizo ya Krismasi ni wiki tatu na zaidi. Tusimpe mlinzi wa jengo kopo zima tukamwambia "walishe". Chakula tukipime kwa siku, tukiweke katika kile kisanduku cha vidonge chenye vijumba vya siku saba, na kopo lifungiwe kabatini. Kisha wanachama wanaobaki London wapeane zamu ya kuja kila wiki kubadilisha maji na kutazama kama chujio linazunguka na joto liko pale pale.

Kama hatuwezi kupata watu wa zamu, basi tuwape samaki hawa mtu anayeweza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inayotumika England na Wales inawahesabu samaki wanaofugwa, na anayewafuga ana wajibu juu yao. Na asitokee mtu wa kuwamwaga mtoni au bwawani kwa huruma. Baridi itawaua, na kuachia samaki wa kigeni porini ni kosa la jinai.

Kwa ufupi, ombi langu mkutanoni ni hili: malaika wanne wabaki, waongezewe Corydoras sita kwa mafungu mawili baada ya likizo, tangi la Tanganyika lijadiliwe mwakani, na sherehe ya kufunga muhula ipambwe kwa maputo. Karatasi ya zamu za likizo imebandikwa ukutani kando ya tangi. Hadi naandika ina majina mawili, na tunahitaji matano. Walimu nao wanakaribishwa kuandika.

Toleo lijalo, inshallah, tutazungumzia mchaichai na jinsi ya kuuvusha majira ya baridi. Mwenye swali la samaki kabla ya hapo aniletee pamoja na namba za maji yake. Bila namba sitajua nimjibu nini.